Kipimo Chako ni Nini?

Hotuba kwenye kikao cha wazazi wa shule ya msingi, Tanga

Ndugu mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na walezi wenzangu: asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na ambao salamu yenu sikuitaja, habari za mchana.

Wengi mnanijua. Mimi ni yule mama wa chini ya mwembe, nje ya geti, mwenye meza ya ubuyu na ndoo ya barafu. Nimekaa pale tangu mwaka 1998. Wapo humu ndani niliowauzia wakiwa na sare, na leo nawauzia watoto wao. Mwalimu mkuu aliponiomba niseme nanyi kuhusu vitamu na rangi zinazotiwa kwenye vyakula vya watoto, nilimjibu kwamba mimi si daktari wala mkemia. Akaniambia, "Ndiyo maana nakuomba wewe, kwa sababu wewe ndiye unayewalisha." Neno hilo lilinikaa. Kwa hiyo nitawaeleza kwanza nililolifanya kwa mikono yangu, kisha niliyojifunza baada ya hapo.

Mnakumbuka sukari ilivyopanda mwanzoni mwa 2024. Mvua za El Niño ziliharibu mavuno ya miwa, viwanda vikashindwa kuzalisha, na kilo moja ikapita shilingi 4,000. Barafu yangu ni shilingi mia. Ndoo ya lita kumi ilikuwa inakula kilo nzima ya sukari. Nikipandisha bei, mtoto hana. Nisipopandisha, nakula mtaji wangu mwenyewe. Nikiwa katika hali hiyo, mfanyabiashara mmoja sokoni akanionyesha kifuko cha unga mweupe wenye chembe kama chumvi. Akasema, "Mama, kijiko kimoja cha hii kinatosha ndoo yako. Sukari achana nayo." Kifuko hakikuwa na maandishi yoyote. Nikamuuliza kinaitwaje, akasema ni sukari ya kiwandani. Nikanunua.

Niliitumia siku nne. Siku ya tano, mtoto wa darasa la pili alinirudishia barafu aliyoiuma kidogo tu. Akaniambia, "Bibi, hii ni tamu halafu ni chungu." Nikailamba. Mtoto alisema kweli. Utamu ulikuja kwa haraka, ukaganda mdomoni, ukaacha nyuma ya ulimi uchungu wa kidonge. Mimi niliyeitengeneza sikuwa nimeionja hata mara moja. Na wale watoto wengine, siku nne zote, hawakusema kitu. Walikula wakaenda darasani. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Kesho yake nikakipeleka kifuko kwa afisa afya wa kata. Msidhani nilikwenda kwa ushujaa, nilikwenda kwa hofu. Hakunikaripia. Alisema kwa macho hawezi kujua ni nini, ila kwa ladha niliyomweleza huenda ni sakarini, au sakarini iliyochanganywa na saiklameti, yaani vitamu vya maabara vinavyotiwa badala ya sukari. Kisha akaniuliza, "Mama, kipimo chako ni nini?" Nikamjibu, kijiko. Akasema, "Cha chai au cha mezani? Kilichojaa au kilichosawazishwa? Mtoto mmoja anakula barafu ngapi kwa siku? Na huyo mtoto ana kilo ngapi?" Sikuwa na jibu hata la swali moja. Miaka ishirini na sita nauza, na sikuwa na jibu.

Nataka niwe mkweli kwenu hapa, kwa sababu kwenye simu zetu kunazunguka maneno mengi ya kutisha kuhusu vitu hivi, na mengine si ya kweli. Vitamu hivi vya maabara havijakatazwa kila mahali. Sakarini, kwa mfano, ilisemwa vibaya sana Marekani mwaka 1977 kwa sababu panya waliolishwa kwa wingi walipata saratani ya kibofu. Pakiti zikaandikwa onyo. Baadaye watafiti wakaona kwamba jambo lile lilitokana na maumbile ya panya, kwa binadamu halikuonekana hivyo, na mwaka 2000 onyo likaondolewa. Aspatamu nayo, kitamu kingine cha maabara, tarehe 14 Julai 2023 kituo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani, WHO, kiliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Siku hiyohiyo, kamati ya wataalamu wa WHO na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inayopima viungio vya chakula ikasema kipimo kilichokuwapo kibaki palepale. Neno "huenda" maana yake ushahidi ni mdogo. Ukiambiwa mtu amekunywa soda isiyo na sukari jana na leo ana saratani, usiamini.

Lakini sikilizeni hilo neno "kipimo", maana ndipo penye shida yetu. Kipimo hiki hutajwa kwa miligramu kwa kila kilo ya mwili wa mtu, kwa siku. Kwa kilo ya mwili! Aspatamu ni miligramu 40. Kopo moja la soda isiyo na sukari huwa na miligramu 200 hadi 300 hivi. Baba wa kilo 70 atakivuka kipimo chake kwa makopo tisa mpaka kumi na nne kwa siku moja, na hakuna baba anayekunywa hivyo. Mtoto wetu wa darasa la kwanza ana kilo 20. Yeye ni makopo matatu au manne. Siku ya sikukuu, Idi au Krismasi, nani anamhesabia?

Saiklameti ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Marekani waliipiga marufuku mwaka 1969 na mpaka leo hawajairudisha. Ulaya wanairuhusu, lakini kipimo chao ni miligramu 7 tu kwa kilo, na kwenye vinywaji walishusha kiasi kinachoruhusiwa kutoka miligramu 400 kwa lita hadi 250, kwa kuwahofia watoto wadogo wanaokunywa sana. Sasa tupige hesabu pamoja. Mtoto wa kilo 20, mara saba, ni miligramu 140. Kinywaji chenye 250 kwa lita kinamfikisha hapo kwa mililita 560. Hiyo ni chupa ya nusu lita na mafunda machache. Na hapo nazungumzia kiwanda chenye mizani na maabara. Mimi nilikuwa na kijiko.

Afisa afya alinisimulia pia jinsi vitu hivi vilivyopatikana, na tangu siku hiyo siachi kuvifikiria. Sakarini ilipatikana Marekani mwaka 1879. Mkemia Constantin Fahlberg alikuwa akifanya kazi na vitu vinavyotokana na lami ya makaa ya mawe, akaenda kula bila kunawa vizuri, akashangaa mkate ni mtamu. Saiklameti ilipatikana 1937 na Michael Sveda, aliyekuwa akitafuta dawa ya homa. Sigara yake iligusa meza ya maabara, akaivuta, ikawa tamu mdomoni. Aspatamu, mwaka 1965, James Schlatter alikuwa kwenye kazi ya dawa ya vidonda vya tumbo, akalamba kidole ili ashike karatasi. Katika hao watatu hakuna aliyekuwa akitafuta chakula cha mtoto. Sisemi kwamba kwa hiyo ni sumu. Nasema vilitoka maabara, vikaenda kiwandani, vikashuka sokoni ndani ya kifuko kisicho na jina, vikaingia kwenye ndoo yangu, na njia nzima hiyo hakuna aliyemkumbuka mtoto wa kilo 20.

Kwa wenzetu vitamu hivi vinatangazwa kwa ajili ya watu wanaotaka kupunguza uzito. Na hata huko, Mei 2023 WHO ilitoa mwongozo kwamba visitumike kwa lengo hilo, kwa kuwa havionekani kuwasaidia watu kupungua kwa muda mrefu. Mwongozo ule haukuwahusu watu wenye kisukari, kwa hiyo mwenye kisukari asiache wala asianze kitu kwa sababu ya maneno yangu, aongee na daktari wake. Huku kwetu sababu ni nyingine kabisa. Vimewekwa kwenye juisi za unga na barafu za viwandani kwa sababu ni rahisi kuliko sukari. Sakarini ina utamu wa mara 300 ya sukari na zaidi. Mtengenezaji anaokoa fedha, mtoto anazoea utamu mkali ambao hakuna tunda linaloufikia. Halafu mama anashangaa kwa nini mwanawe anakataa chungwa la Muheza akisema halina ladha. Chungwa la Muheza, jamani! Linaoza barabarani msimu wake ukifika, na sisi tunanunua unga wenye picha ya chungwa.

Na sukari yenyewe siitetei. Soda ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, na WHO wanashauri kwamba afadhali mtu asizidi gramu 25 kwa siku. Chupa moja imeshavuka.

Sasa rangi. Hapa nina mengi, kwa sababu kazi yangu ni ubuyu.

Ubuyu wenyewe ni mweupe. Ule wekundu mnaoujua ni rangi tunayoitia sisi. Nyakati za mwanzo nilikuwa nanunua rangi ya unga iliyopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye gazeti, dukani ambako akina mama wa mikeka wanunua rangi ya ukili. Rafu ni moja. Mkono unaopima ni mmoja, na kijiko ni kimoja. Wenye umri wangu mnajua ninachosema. Rangi ya ukili imetengenezwa ishike kwenye mkeka isitoke hata ukianikwa juani, na siwezi kuwaapia kwamba katika miaka ile yote haikuingia hata punje kwenye sufuria yangu. Februari 2024 kule India, jimbo la Tamil Nadu, serikali ilipiga marufuku ile sukari ya nyuzinyuzi kama pamba ambayo watoto huipenda kwenye maonyesho, baada ya kupima na kukuta ndani yake rodamini B. Hiyo ni rangi ya waridi ya nguo. Muuzaji wa kule naamini alikuwa mtu kama mimi, anatafuta riziki, amepewa unga kwenye kifuko.

Hata zile rangi za chakula zilizoruhusiwa zina habari yake. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, waliwapa watoto wa miaka mitatu, na wengine wa miaka minane na tisa, kinywaji chenye mchanganyiko wa rangi pamoja na kihifadhi cha benzoeti. Watoto walizidi kuhangaika na kutotulia, si wote na si kwa kiasi kimoja, lakini ilitosha kuonekana. Tangu Julai 2010 chakula chenye rangi hizo kikiuzwa nchi za Umoja wa Ulaya lazima kiandikwe kwamba huenda kikaathiri utulivu na usikivu wa watoto. Rangi zenyewe ni sita, na naomba mwenye kalamu aandike namba zake za kwenye pakiti: 102, 104, 110, 122, 124 na 129. Ya njano ya biriani mara nyingi ni 102. Ya machungwa ni 110. Nyekundu nilizokuta kwenye vikopo vya rangi ya ubuyu zilikuwa 122 na 124. Mwalimu wa darasa la kwanza amekuwa akituambia kila muhula kwamba baada ya mapumziko watoto hawashikiki. Sisemi ubuyu wangu ndio sababu pekee. Mtoto ni mtoto. Lakini sitaki niwe miongoni mwa sababu.

Nimewapa namba kwa makusudi. Majina ya vitu hivi yameandikwa kwa lugha za watu na kwa herufi za kuumiza macho, ila namba haibadiliki. Vitamu vingi viko kati ya 950 na 955: 951 ni aspatamu, 952 saiklameti, 954 sakarini, 955 sukralosi. Wakati mwingine namba hutanguliwa na herufi E. Geuza pakiti, soma nyuma. Viungo hupangwa kwa uzito, kilichozidi kinatangulia. Ukiona juisi ya embe ambayo embe limekuja mwisho karibu na rangi, au halimo kabisa, umeshajua unachonunua. Ikiwa haina maandishi yoyote nyuma, irudishe.

Mtaniuliza, na wewe sasa unatia nini? Natia rozela, wengine mnaiita choya. Nachemsha maua makavu, nachuja, nipate maji mekundu mazito. Naweka sukari, chumvi kidogo, iliki, na pilipili ya unga kwa ule wa wakubwa. Nachemsha mpaka shira ivute uzi, namimina ubuyu, nageuza kwa moto mdogo mpaka kila kokwa ivae. Rozela hupenda uchachu, na ubuyu ni mchachu, kwa hiyo rangi inashika. Msitie magadi, itageuka kama majivu. Bitiruti nilijaribu pia, ila kwenye moto mrefu inakuwa kahawia, ndiyo maana naiweka kwenye barafu peke yake. Ubuyu wa rozela hauwi mwekundu wa kung'aa, unakuwa damu ya mzee. Wiki za kwanza watoto walinisusa. "Bibi, ubuyu wako umechakaa." Niliuza nusu ya nilichokuwa nauza. Iliumiza, sitaki kuwadanganya, na ilichukua karibu muhula mzima wakazoea. Kipakiti nimekipunguza ili bei ibaki mia. Barafu sasa ni ya ukwaju, ya embe, ya chungwa, na sukari nimeishusha kutoka kilo moja hadi gramu 700 kwa ndoo. Nilishusha kidogokidogo, na hakuna mtoto aliyegundua.

Nyumbani kwenu mambo mengine nitayapita haraka. Biriani ya asili rangi yake ilikuwa zafarani, na kwa asiyeweza zafarani, manjano yanatosha. Ila manjano nunueni mazima, mkasage au mtwange. Bangladesh walikuta wafanyabiashara wanapaka manjano kemikali yenye madini ya risasi ili yang'ae, na madini hayo yanaharibu ubongo wa mtoto. Serikali yao ilipoamka mwaka 2019, karibu nusu ya manjano yaliyopimwa sokoni yalikuwa na risasi. Kufikia 2021 hawakuikuta tena. Miaka miwili tu, kwa kupima, kutangaza na kuwatoza faini. Ndizi na maembe yaliyoivishwa kwa kabaidi yananjanoka nje huku ndani bado magumu. Bibi zetu walivumbika ndizi kwa majani, siku tano, na hakuna aliyekufa kwa kusubiri. Nyama iliyokaa siku nzima bado nyekundu kama ya saa ile, iulizeni. Nairobi mwaka 2019 kulizuka kelele kubwa baada ya waandishi wa habari kuonyesha nyama ya madukani ikiwekwa metabisalfaiti ya sodiamu, kemikali ya kuhifadhi chakula, ili isibadilike rangi. Ajinomoto mnaniuliza sana. Kwa niliyosoma, hofu ni kubwa kuliko ushahidi. Chumvi mnayoimwaga pamoja nayo ndiyo ya kuangalia kwanza.

Sasa ombi langu kwa kamati, na naliomba nikiwa miongoni mwa wanaouza. Msitufukuze getini. Mkitufukuza sisi, watoto watavuka barabara wanunue kwingine, na huko hakuna wa kumuuliza. Wekeni sharti: hakuna anayeuza shuleni hapa kitu chenye rangi au kitamu ambacho hawezi kuonyesha kopo lake lenye maandishi. Afisa afya wa kata aitwe kila mwanzo wa muhula, apite meza kwa meza, na aanze na yangu. Watakaotaka kufunga bidhaa zao kwenye pakiti na kupata alama ya ubora waende SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapewe barua ya utambulisho, ndiyo njia ya mjasiriamali mdogo kufika TBS, shirika la viwango, maana tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yako kwao. Na ndani ya geti pawe na maji safi ya kunywa. Nusu ya barafu ninazouza saa nne, mtoto hakuwa na hamu ya barafu. Alikuwa na kiu.

Kwa akina mama wenzangu wa mageti mengine mliokuja leo, Jumamosi asubuhi njooni uani kwangu, kila mmoja na sufuria yake. Ubuyu nitatoa mimi. Tutapika pamoja, na kijiko tutakiacha ndani, tutatumia mizani. Mbegu za rozela nimezifunga kwenye karatasi, ziko pale kwa mwalimu wa darasa la pili. Mwenye kiwanja, hata cha hatua mbili, apite achukue kabla masika hayajaanza.